Saa Mbili za Tunduma

Mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikitoka kwa mtu nisiyemjua, nilikuwa sokoni Tunduma nikichagua nyanya. Mwanamke aliyenitangulia alikuwa anabishana na muuzaji kuhusu sado, ndoo ya kupimia, ambayo kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani ili ipokee nyanya chache. Katikati ya ubishi wao, kutoka ndani ya kitenge chake, nikajisikia nikisema: "Mama, muda umefika. Kumbuka gari la mchele." Akaingiza mkono, akabonyeza simu bila kuitazama, kama mtu anayefukuza inzi, akaendelea kubishana.

Kila ninapokisimulia kisa hiki, watu hudhani nilifurahi. Sikufurahi. Niliziacha nyanya pale pale nikaondoka. Sauti ile nilikuwa nimeirekodi ndani ya stoo ya ofisi, nimejifunika blanketi gubigubi ili ngurumo za malori zisiingie, nikidhani nawasemea watu wachache tunaofahamiana. Sasa ilikuwa inatembea mjini peke yake, inawaamrisha watu nisiowajua, nao wanaitii.

Tulianza wawili. Mwenzangu ni mtu wa Ileje, kule milimani ambako ukisimama pazuri unaiona Malawi ng'ambo ya mto. Mimi ni binti wa Isansa, nimekulia kwenye kahawa. Tulisoma kompyuta pamoja chuoni Mbeya, na tulipomaliza tukapata kazi kwa wakala mmoja wa forodha pale Tunduma, katika chumba kilichotazamana na foleni ya malori. Kutwa nzima madereva walitutumia ujumbe wa sauti. Huyu amekwama barabarani pale Mpemba, yule karatasi zake zina kosa, mwingine anauliza mzigo wake utakaguliwa lini. Ujumbe mmoja ulizama chini ya mwingine, na ukija kuutafuta huuoni. Mtu aliahidi jambo asubuhi, ikifika jioni hakuna anayekumbuka alimwahidi nani.

Mwenzangu ndiye aliyesema, "Hivi kwa nini simu isisikilize yenyewe, iandike, halafu itukumbushe?"

Tuliianza kama mchezo wa baada ya kazi. Ugumu wa kwanza ulikuwa masikio ya mashine. Ilikuwa imefundishwa Kiswahili cha redioni, na hapa kwetu Kiswahili kinapita juu ya Kinyiha, Kinamwanga, Kindali. Kila mtu anakipinda kwa namna ya kwao. Ugumu wa pili ulikuwa saa. Ukisema saa mbili asubuhi, mashine za watu zinasikia usiku wa manane, kwa hiyo tukaifundisha kuhesabu kama tunavyohesabu sisi. Na ugumu wa tatu ulikuwa wa Tunduma yenyewe. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikiwa karibu na mpaka hunasa minara ya huku na ya kule, ikabadili saa bila kumuuliza mwenyewe. Mtu anaweza kuketi kibarazani kwake Tunduma simu ikamwambia yuko Zambia, akiingia ndani ikamrudisha Tanzania. Sisi wenyeji tumezoea. Tukipanga miadi tunaulizana kabisa: saa ya Bongo au ya Zambia? Kwa hiyo hata programu yetu, kabla ya jambo lolote, ilimuuliza mtu swali hilo hilo.

Wakaichukua mawakala, kisha wanawake wanaovusha biashara, kisha kwaya za makanisa, kisha wachimbaji wa Saza ambao mpaka leo sijui walisikia kwa nani. Tukaacha kazi kwa wakala. Akatokea mama mmoja mwekezaji wa Dar es Salaam, mtu wa maneno machache na akili kali, akatuambia kitu chetu kinaweza kufika mbali. Tukahamia Vwawa kwenye ofisi yenye umeme wa uhakika, tukaajiri vijana, na Dar nako wakaajiriwa wataalamu tuliokuwa tukiwaona kwenye kioo cha kompyuta tu.

Siku za mwanzo niliogopa kwamba hakuna atakayetumia kitu chetu. Hofu ile ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyepika chakula akingoja wageni. Hofu iliyokuja baadaye ilikuwa nyingine. Nilikuwa naamka, nafungua kompyuta, naona watu wameongezeka, na badala ya kushukuru nilihisi kama mtu anayepakiwa mizigo kichwani na mikono asiyoiona. Baba yangu, nilipokwenda Isansa wakati wa mavuno ya kahawa, aliniuliza kazi inaendeleaje. Nikamwambia inakua.

"Mbona unasema kama mtu anayetaja ugonjwa?" akaniuliza.

Nikacheka, nikarudi kuchuma.

Katika watu wote hao kulikuwa na mmoja ambaye sikuweza kumsahau. Alikuja tukiwa bado Tunduma, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, anayeuza dagaa na vitenge ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike mwenye kovu juu ya jicho.

"Dada, wewe ndiye unayesema kwenye simu?" akaniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Mtoto huyu ana kifafa. Dawa anameza asubuhi na jioni, asipomeza anaanguka. Hilo kovu alianguka jikoni. Mimi nashinda Nakonde, anabaki na bibi yake. Bibi hajui kusoma, na Kiswahili hakimkai vizuri. Huwezi kumsemea kwa Kinyiha?"

Nikaingia stoo na blanketi langu. Nikamwamkia bibi kama mtu mzima anavyoamkiwa kwetu, kisha nikamwambia mjukuu wake anangoja dawa. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja kwa nyumba moja. Wiki kadhaa baadaye yule mama alipita ofisini akicheka mpaka machozi. "Bibi anakujibu! Ukimwamkia anaitikia, anakuuliza nyumbani hawajambo. Anasema una adabu kuliko mimi." Tulicheka wote, ila alipoondoka nilibaki nikiitazama simu yangu. Mtu mzima, nyumbani kwake, anamwitikia mtu ambaye hayupo.

Toleo jipya lilitengenezwa Dar. Lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Watu wa familia moja waliweza kushirikiana kumbukumbu, kiasi kwamba bibi akibonyeza simu nyumbani, mama akiwa Nakonde anaona alama ya kijani kwamba jambo limefanyika. Milio yote sasa ilipangwa kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, siyo kwenye simu ya mtu. Na swali letu la mwanzo likaondolewa. Mtaalamu mmoja alituambia kwenye kikao, kwa upole kabisa, kwamba hakuna programu duniani inayomuuliza mtu anatumia saa ya nchi gani, simu zinajua zenyewe. Mwenzangu akaeleza habari za mpaka. Wakasikiliza, wakasema seva itashughulikia. Tulilijaribu Dar, tukalijaribu Mbeya, tukalijaribu Vwawa, likalia kama saa ya ukutani. Vwawa minara ya Zambia haifiki.

Likatolewa, tukanywa soda ofisini, vijana wakapiga picha.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa mezani, akanipigia wakala mmoja wa Tunduma aliyekuwa mteja wetu tangu zamani. Alianza kwa utani. "Dada, umekula nini? Umekuwa bubu."

"Bubu vipi, kaka?"

"Simu yangu hainikumbushi kitu. Jana nimekosa ukaguzi wa mzigo, mwenye mali ananitukana kwa lugha zote. Halafu nikifungua, simu inasema imenikumbusha. Imeweka na tiki ya kijani."

Nilimwambia mwenzangu. Akafungua kumbukumbu za milio ya Tunduma, mimi nimesimama nyuma yake, na nikaona mgongo wake ukikakamaa. Simu zilizokuwa zikiruka kati ya minara ya nchi mbili zilikuwa zinaichanganya seva. Ilipokuta saa mbili zisizokubaliana, iliamua kwamba muda umeshapita na kazi imeshafanyika. Haikulia. Iliweka tiki tu, ikaendelea mbele. Mtu baada ya mtu, mtaa wote wa karibu na mpaka, tiki za kijani zimepangana kama miche kitaluni.

"Ni mawakala tu," mwenzangu akasema, lakini sauti yake haikuamini.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulitafuta jina la yule mama wa dagaa. Nikalipata. Asubuhi, dawa, imefanyika. Jioni, dawa, imefanyika. Siku zote tangu toleo litoke. Nikabonyeza kuona kama kuna mtu aliyegusa simu ile. Hakuna aliyegusa.

Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Alikuwa Nakonde na laini ya Zambia. Nikapiga simu ya nyumbani, ikaita mpaka ikakatika. Nilikuwa nimesimama nimeshika meza, nasikia vijana wakizungumza kwa mbali kana kwamba nimezama majini.

"Twende," mwenzangu akasema. Akachukua pikipiki yake.

Njia ya Vwawa kwenda Tunduma naijua kama kiganja changu, lakini siku ile ilikataa kuisha. Mvua ilikuwa imenyesha, malori yalikuwa yamesimama kuanzia mbali, tukawa tunapenya kando yao kwenye tope. Madereva waliokuwa wakipika ugali chini ya trela zao walitupungia mkono, wengine walinifahamu. Sikumjibu hata mmoja. Nilikuwa nikisali, na sala yenyewe haikuwa na maneno, ni kumtaja Mungu tu na kurudia. Nilikuwa naliona kovu juu ya jicho la yule mtoto, na jiko, na maji ya moto.

Tulipofika tulikuta mlango umefungwa kwa nje. Simu ya nyumbani tuliisikia ikiita ndani nilipoipiga tena. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianua nguo, alituangalia kwa mashaka.

"Mnamtafuta nani?"

"Bibi na mjukuu wake. Wamekwenda wapi, mama?"

"Mtoto ameanguka tangu asubuhi. Akitulia kidogo, anashikwa tena. Wamembeba hospitali. Ninyi ni nani kwake?"

Mwenzangu alisema sisi ni watu wa ukoo, na sidhani kama alijua amesema nini.

Hospitalini palikuwa na watu wengi, wamekaa mpaka kwenye ngazi. Bibi nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikuwa kwenye benchi la korido, mikono mapajani, viatu vya mtoto vimewekwa pembeni yake, vidogo, vya plastiki. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu niliona miguu ya mtoto kitandani na mgongo wa nesi. Miguu haikutikisika. Sikujua kama hilo lilikuwa jema au baya.

Nilipiga goti nikamwamkia bibi kwa Kinyiha. Ilikuwa desturi tu, mdomo ulifanya wenyewe.

Akainua uso. Alinitazama muda mrefu, macho yake yakihangaika usoni kwangu, maana uso hakuwa amewahi kuuona. Kisha akanishika kidevu.

"Wewe ndiye yule binti," akasema. "Wa kwenye simu."

"Ndimi, bibi."

"Mbona ulininyamazia?"

Nimewahi kuulizwa maswali na watu wakubwa, kwenye meza ndefu, na nikajibu. Lile sikulijibu.

"Nilikungoja," akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Asubuhi nikakaa na kikombe cha maji, hukuniamkia. Jioni hukuniamkia. Nikasema labda mama yake ameanza kumpa mwenyewe, ndio maana binti amepumzika. Ungekuwa na neno, ungeniambia."

Mwenzangu alikuwa ameegemea ukuta. Alitoka nje.

Yule mama wa dagaa alifika mchana, alikuwa ameitwa na mtu aliyevuka kumtafuta sokoni Nakonde. Alikuja akikimbia, kitenge mkononi, anahema, ananuka dagaa. Alipotuona alisimama. Hakutuuliza tumejuaje. Alitoa simu, akaifungua, akanionyesha.

"Tiki," akasema. "Kila siku naitazama. Nikiona tiki najua amekunywa. Nauza kwa amani. Leo asubuhi nimeiona tiki, mtoto wangu akiwa chini anapigapiga kichwa. Hii tiki nani ameiweka?"

"Mashine, dada. Ilikosea. Bibi hajakosa kitu."

Ndipo alipogeuka kumwangalia mama yake, na nikaelewa kwamba njia nzima kutoka Nakonde alikuwa akija kumlaumu yeye. Akakaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule mzee, akalia kwa sauti. Bibi alimpapasa mgongo akiwa anatazama mlango wa wodi.

Sitasahau kungoja kule. Kila nesi aliyepita, nilinyanyuka. Kila mlango uliofunguliwa nilidhani ni wa kutuambia. Nilifikiria nyumba nyingine zote za Tunduma, dawa nyingine, za moyo, za sukari, za kifua, wazee wengine wanaokaa na kikombe cha maji wakingoja niwaamkie. Mtoto huyu nilimkumbuka kwa sababu nilimwona. Wengine sikuwahi kuwaona.

Nikampigia mama mwekezaji, nikiwa nje karibu na matangi ya maji.

"Binti yangu, hitilafu zinatokea," akasema baada ya kunisikiliza. "Rekebisheni kimya kimya. Ukiwatangazia watu kwamba mmekosea, watakimbia wote."

"Mama, kuna mtoto hospitalini."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi rekebisheni."

Alikata simu. Nilibaki nimeshika simu sikioni. Kwa muda mfupi, nakiri, maneno yake yalinipa unafuu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma. Mwenzangu alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo, na mwingine akaukisia.

"Kurekebisha kutachukua muda," akasema. "Na jioni ya leo watu wanameza dawa."

"Tukituma ujumbe kwenye simu?"

"Simu zile zile?"

Tukakodi gari la matangazo, pikapu yenye spika juu, ile inayotangaza mnada na mikutano ya injili. Mwenye gari alitaka kutangaza mwenyewe, ana sauti nzuri ya biashara. Mwenzangu akamkatalia. Akasema watu wanaijua sauti moja, na lazima wasikie ile ile.

Kwa hiyo jioni ile, jua bado lipo, nilipanda nyuma ya pikapu nikiwa na kipaza sauti. Tukaanza mtaa wa Majengo tukashuka kuelekea mpakani. Nilisema: "Ndugu zangu, ni mimi ninayewakumbusha kwenye simu. Simu imekosea. Tiki ya kijani msiiamini. Mwenye dawa, ameze kwa kuangalia saa yake mwenyewe. Mwenye mgonjwa, amwulize mgonjwa, asiiulize simu." Nikarudia kwa Kinyiha. Mwenzangu akanipokea, akasema kwa Kindali na kwa Kinamwanga kidogo anachokijua.

Watu walitoka nje. Wanawake walisimama milangoni na miko mikononi. Niliwaona wakiitazama spika, kisha simu zao, kisha mimi. Wapo waliocheka. Kijana mmoja alipiga kelele, "Kumbe una mwili!" Dereva mmoja alinitukana kwa Kiswahili akamalizia kwa Kibemba. Ganda la muwa likanipiga begani, sikuona limetoka wapi. Karibu na mpaka mwanamke mwenye beseni kichwani alikimbia kando ya gari akiniita mama kwa Kibemba, "Bamayo! Bamayo! Na sisi wa Nakonde je? Mama yangu ana dawa za presha!" Nikainama nikamwambia ampigie sasa hivi. Akaweka beseni chini katikati ya barabara, akapiga, na gari likasimama nyuma yake mpaka mama yake alipopokea. Nilimsikia akiuliza, "Umemeza?" akirudia na kurudia.

Tuliporudi hospitalini nesi alituruhusu kuchungulia. Mtoto alikuwa amelala, amegeuziwa upande, anakoroma kidogo. Alikuwa amefumbua macho mara moja akaomba maji, nesi akasema, na alipoulizwa jina akalitaja. Nikakaa pale pale mlangoni.

Alipona. Yaani alirudi kuwa kama alivyokuwa. Ugonjwa wenyewe bado anao, na wakati mwingine unamwangusha, ila anasoma shule na anapenda kuruka kamba kuliko mama yake anavyotaka. Watu wengine walikuja ofisini siku zilizofuata. Mzee wa sukari aliyekuwa amezidiwa, mjamzito aliyekosa kliniki. Hakuna aliyekufa kwa habari tulizozipata. Nasema kwa habari tulizozipata, kwa sababu wapo ambao hawakuja kusema kitu, na siwezi kujua kwa nini hawakuja.

Mama mwekezaji alikuja mwenyewe. Nilidhani anakuja kutufungia ofisi. Alitaka apelekwe mpakani, akasimama kwenye kibaraza cha duka akiwa ameshika simu yake ghali, na mbele ya macho yake saa ikarudi nyuma. Akapiga hatua kuelekea ndani, ikaenda mbele. Akarudia kama mtoto. Hakuomba radhi, na sisi hatukumdai. Alisema tu, "Lirudisheni swali lenu," na jioni akaomba apelekwe kumwona mtoto.

Watu hawakukimbia. Hilo ndilo nisilolielewa mpaka leo. Tulipita mjini tukitangaza kwamba msituamini, na baadaye wakaongezeka. Wakala yule wa utani aliniambia, "Angalau wewe ukikosea unapita na spika." Sasa kumbukumbu ya dawa haiweki tiki mpaka mtu aitikie kwa sauti yake, na asipoitikia, simu inampigia ndugu, na ndugu asipopokea, inampigia kijana wetu mmoja anayekaa Tunduma kwa zamu. Vijana wananung'unika juu ya zamu hizo. Nawaacha wanung'unike.

Bibi alikataa. Nilikwenda kumwomba radhi rasmi, na sukari na sabuni kama inavyopasa, akapokea, akanipikia chai, kisha akaiweka simu yake mkononi mwangu.

"Usiniamkie tena humu," akasema. "Ukitaka kuniamkia, njoo."

Nikamwuliza dawa atakumbukaje. Akaniambia jirani yake anasikiliza habari za redio asubuhi na jioni kwa sauti kubwa, na mtoto mwenyewe ameanza kujua kuomba dawa yake.

Mwaka huu tumeombwa kuipeleka programu Isongole, kwenye mpaka wa Malawi, kwao na mwenzangu. Malawi nao wako nyuma yetu kwa saa moja. Dar walitaka iwashwe kutoka huko huko kwao. Tukakataa, tukapanda milima na mfuko wa simu, tukakaa nyumbani kwa mama yake mwenzangu, tukawa tunavuka na kurudi kila siku mpaka watu wa mpakani wakatuzoea. Tulilala kwenye mitelemko, kwenye migomba, kwenye kona ambazo mnara mmoja unafifia na mwingine unashika, tukisikiliza kama zitalia. Zililia.

Siku ya kuiwasha alikuja kwanza mama muuza viazi. Akaishika simu kwa mikono yote miwili, akasema jambo kwa Kindali, polepole, kama mtu anayemwagiza mgeni.

Nikamwuliza mwenzangu amesema nini.

"Amesema imkumbushe kumpigia mwanawe Jumapili. Yuko Saza machimboni."

Nikashusha pumzi. Kumpigia mtoto simu, hilo naliweza. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamme mwenye bahasha ya dawa ya hospitali, na nyuma yake mwingine, na mstari ulikuwa umeshapinda kona ya nyumba, sikuona mwisho wake. Mwanamme akasogea, akaweka bahasha mezani mbele yangu, akatabasamu. Nilivuta kiti nikamwambia aketi, kwamba tutazungumza kwanza, kabla ya kugusa simu.